Deni la Bodi, Deni la Nyumbani

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo huanza kupiga hesabu zinazofanana. Mtoto kasoma mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu), kafaulu, anataka shahada ya uhasibu. Nyumbani kuna mibuni, migomba, pengine ng'ombe wawili. Kuna Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Swali ni kama mshahara wa mhasibu utalibeba deni hilo.

Nimeliweka swali hili mbele ya watu watano. Ni watu wa kubuni, ila maneno yao yanasemwa kila siku, na nimewakalisha kwenye benchi la mama lishe pale Nyakanazi, barabara zinapoachana, moja ikishika Kigoma, nyingine Kahama, nyingine ikipanda kuelekea Rusumo. Yupo mkulima wa kahawa kutoka Rulenge na mjukuu wake, binti aliyemaliza kidato cha sita. Yupo mhasibu wa halmashauri. Yupo kijana mwenye shahada ya uhasibu anayefanya uwakala wa forodha mpakani Kabanga. Na yupo mama lishe mwenyewe, ambaye ni mweka hazina wa kikoba. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MKULIMA: Naanza mimi, maana anayetakiwa kusaini udhamini ni mimi. Huo mnaouita mkopo, sisi Kagera tunaujua kwa jina la butura. Kahawa ingali maua, mtu anakuja na fedha, au sukari na unga, anahesabu mibuni yako, anakupa bei yake. Msimu ukifika, kahawa ni yake, wewe unabaki unamtazama akianika. Serikali imeikemea butura miaka nenda rudi. Sasa serikali hiyo hiyo inampa mjukuu wangu fedha akiwa bado ua, kisha mshahara ukiiva wanakuwa wa kwanza shambani. Nielezeni tofauti.

MHASIBU: Tofauti ipo, mzee, na inahesabika. Mwenye butura akikupa laki moja, anaondoka na kahawa ya laki tatu. Bodi inadai kile ulichopokea. Zamani ilikuwa inaongeza asilimia 6 ya deni kila mwaka, wakiita tozo ya kulinda thamani ya fedha, na asilimia 10 ya adhabu kwa aliyechelewa. Mwaka 2021, Rais Samia akihutubia Mei Mosi Mwanza, alitangaza kuifuta ile asilimia 6, na ile adhabu nayo ikafutwa. Leo ukikopa milioni 10, haiongezeki mwaka hadi mwaka. Na milioni 10 utakayomaliza kurudisha baada ya miaka saba, bei za vitu zikiwa zimeshapanda, ni nyepesi kuliko ile uliyopokea. Hakuna benki itakayokupa mkopo wa namna hiyo, wala kikoba.

MAMA LISHE: Kikoba hakikupi, hilo nakuapia.

WAKALA: Kaka, unaongea hivyo kwa sababu unalala na hati ya mshahara mfukoni. Mimi nilimaliza chuo kabla ya hiyo 2021. Deni langu lilikuwa kama hiyo milioni 10. Miaka mitatu nimekaa bila ajira, asilimia 6 juu ya asilimia 6, likakaribia milioni 12, na sijala hata shilingi ya mshahara. Ongeza adhabu. Halafu kuna jambo hulisemi. Waliosaini mikataba kwa kujua watakatwa asilimia 8 ya mshahara, mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, wakaanza kukatwa 15. Waliokuwa wamesaini zamani nao wakaingizwa humo humo.

MKULIMA: Kumbe! Hata mwenye butura habadilishi bei baada ya kukupa fedha.

Hapo mzee kapiga penyewe, na mhasibu hakuwa na jibu la haraka. Watu husifu hatua ya 2021, na inastahili sifa. Lakini kilichoondolewa kwa uamuzi wa serikali kinaweza kurudishwa kwa njia hiyo hiyo, na mkopaji wa Bodi hana nguvu ya kukataa katikati ya safari. Anayepima mshahara dhidi ya deni anapaswa kuiweka hatari hiyo kwenye mizani. Nadhani ni hatari ndogo. Hata hivyo ipo.

BINTI: Babu, tusihame kwenye hesabu kabla hatujazimaliza. Nikiajiriwa, nitabaki na shilingi ngapi mkononi?

MHASIBU: Tuchukue mshahara wa laki nane, niuweke kama mfano tu. Mtumishi wa umma anachangia asilimia 5 PSSSF, elfu 40. Bima ya afya asilimia 3, elfu 24. Kodi ya mapato inakokotolewa baada ya kutoa mchango wa pensheni, kwa hiyo kwenye 760,000 inakuja elfu 68. Bodi asilimia 15 ya mshahara wote wa msingi, laki moja na elfu 20. Jumla ya makato 252,000. Unabaki na 548,000, kabla chama cha wafanyakazi hakijagusa chake. Milioni 10 unaimaliza kwa miezi 84. Miaka saba.

BINTI: Na nikikosa serikalini?

WAKALA: Nijibu mimi, hapa ndipo nyumbani kwangu. Tuseme umepata duka la vifaa vya ujenzi Biharamulo mjini, unaandika vitabu, unapiga risiti za EFD, unalipwa laki tatu. NSSF asilimia 10, elfu 30. Zinabaki 270,000. Kodi yako ni sifuri, kwa sababu kodi ya mshahara inaanza juu ya 270,000. Bodi wao wanachukua 15 ya laki tatu, elfu 45. Unabaki na 225,000, na kwa mwendo huo milioni 10 inaisha baada ya miaka kumi na nane na nusu. Yaani serikali inakuangalia, inasema huyu ni maskini, tusimtoze kodi, halafu dirisha la pili inakutoza.

Hesabu hii ya wakala naiona nzito kuliko maneno yote yaliyotangulia. Makato ya Bodi hayana kima cha chini cha kuanzia. Uingereza, mwanafunzi aliyeanza chuo kuanzia Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 tu ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Chini ya hapo hakatwi kitu, na deni lisipoisha ndani ya miaka 40 hufutwa. Deni lake, ni kweli, hupanda kwa mfumuko wa bei, jambo ambalo letu halina tena. Kenya hutoza riba ya asilimia 4 na faini ya shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi kwa asiyelipa. Kwa hiyo Mtanzania amependelewa upande wa riba, akaumizwa upande wa kima cha chini. Ningekuwa mbunge wa Ngara ningeacha kupigia kelele asilimia 15. Ningeomba tu makato yaanzie pale kodi inapoanzia. Laki tatu isingekatwa kitu. Laki nane ingeendelea kukatwa.

MHASIBU: Hilo nakubaliana nalo. Lakini dogo, mtu aliyesomea uhasibu halafu akabaki kwenye laki tatu, kuna kitu hajamaliza.

WAKALA: Cheti cha uhasibu cha CPA. Nilijua utafika huko.

MHASIBU: Lazima nifike. Shahada inakufanya uitwe mhitimu wa uhasibu. Anayeitwa mhasibu mbele ya sheria ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ambayo chimbuko lake ni sheria ya 1972. Angalia biashara za hapa. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka anakadiriwa kodi kwa mauzo, hahitaji hesabu zilizothibitishwa. Huyo hatakuajiri, mwanawe atajaza daftari. Akivuka milioni 100, anatakiwa kuleta hesabu zilizoandaliwa na mhasibu mwenye CPA aliyeidhinishwa kutoa huduma hiyo. Huyo naye hatakutafuta wewe mwenye shahada tupu. Atamtafuta wa Mwanza au Bukoba mwenye mhuri. Wewe umekaa katikati, umezidi kwa huyu, umepungua kwa yule.

WAKALA: Na mtihani wa NBAA unakuja Mei na Novemba, kila karatasi ina ada yake, na Bodi ya Mikopo ilishafunga mfuko siku ulipovaa joho. Nani anakulipia?

Hakuna aliyejibu, na mama lishe akaenda kugeuza chapati. Mimi naona swali la mkopo lingeanzia hapo. Hesabu za nyumbani huishia siku ya mahafali, kana kwamba mshahara unasubiri getini. Ilipofika mapema mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Maombi yaliyopokelewa yalizidi 130,000. Si wote walikuwa wahasibu, na hiyo ni taasisi inayopendwa kuliko nyingi, lakini picha ya foleni ni hiyo. Kati ya joho na mshahara wa kwanza kuna miaka. Bodi yenyewe hukuachia miezi 24 baada ya kuhitimu kabla ya kukudai, ila tumbo haliachii miezi.

BINTI: Basi si nije kufanya kazi huku huku? Wanasema mgodi wa Kabanga Nikeli utaajiri.

WAKALA: Dada yangu, hiyo nikeli nimeisikia tangu nikiwa na kaptula. Mkataba wa serikali na wawekezaji ulisainiwa Januari 2021, Tembo Nikeli ikaundwa, serikali ikapewa asilimia 16. Sawa. Lakini mgodi unaajiri madereva, mafundi, wapishi, walinzi kwa mamia. Wahasibu wanatosha kwenye Land Cruiser moja.

MHASIBU: Na mgodi wa Stamigold huku Biharamulo, uliokuwa Tulawaka kabla shirika la serikali la STAMICO halijauchukua 2013, hali ni hiyo hiyo. Lakini usidharau vitu vidogo. Vituo vya afya na shule siku hizi vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao na kuziandika kwenye mfumo wa FFARS. AMCOS za kahawa, hivi vyama vya ushirika vya wakulima, zinauza kwa mnada, zinakaguliwa na shirika la ukaguzi la COASCO, na nyingi zinapata hati zenye matatizo kwa sababu katibu ni mtu mzuri asiyejua kufunga hesabu.

MKULIMA: Hilo la AMCOS ni kweli tupu. Tunaambiwa malipo ya pili yamekatwa gharama, ukiuliza gharama gani, unaonyeshwa karatasi ambayo hata aliyeiandika haielewi. Angekuwepo mtu wa kuisoma, mimi ningemlipa.

WAKALA: Mngemlipa shilingi ngapi, mzee?

MKULIMA: Tungekaa kikao.

Wakala alicheka kicheko kirefu, na nadhani kicheko hicho kilikuwa na ukweli ndani yake. Vijijini uhasibu unahitajika kuliko unavyolipwa. Yeye mwenyewe hafanyi kazi aliyosomea, au anaifanya kwa mlango wa nyuma. Anajua kukadiria ushuru, kusoma ankara ya Burundi iliyoandikwa Kifaransa, kumfuata ofisa wa forodha bila kumuudhi. Kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo kilizinduliwa mwaka 2016, na malori ya Kigali na Bujumbura ndiyo yanayowalisha vijana wengi wa umri wake. Kuna wenzake pale waliopata cheti cha uwakala wa forodha kwa kozi fupi na wanaingiza zaidi yake. Anawaonea wivu, ila ukimsikiliza vizuri, wateja wakubwa wanampa yeye kazi kwa sababu akiandika hesabu zinakubali.

BINTI: Na deni unalilipaje, kaka, kama huna mwajiri?

WAKALA: Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato, na isipungue laki moja kwa mwezi. Mwezi wa malori mengi nalipa. Mwezi Burundi ikifungafunga mambo yake, silipi. Jina langu liko kwenye taarifa za wadaiwa, nikienda benki naambiwa nikamalizane na Bodi kwanza.

MAMA LISHE: Sasa niacheni na mimi niseme, maana mmezungumza deni la Bodi tu kama vile ndilo peke yake. Mimi naona watoto wakipita hapa na mabegi kwenda Mwanza, kwenda Kigoma, kwenda Dodoma, na naona mama zao wanakuja kwenye kikoba wiki hiyo hiyo. Bodi haitoi mkopo wote. Mmoja kapewa fedha ya kujikimu na kipande cha ada, mwingine kipande kidogo, mwingine kanyimwa awamu ya kwanza akaambiwa asubiri. Si kweli, mhasibu?

MHASIBU: Ni kweli. Bodi inapanga kwa uhitaji na kwa kozi. Yatima, mwenye ulemavu, aliyetoka kaya maskini ya TASAF anatangulizwa. Na masomo ya biashara hayamo kwenye kundi la kwanza la vipaumbele. Huko wapo wa afya, walimu wa sayansi, wahandisi. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500 kwa siku hadi 10,000. Ada ndiyo inayokatwa vipande.

MAMA LISHE: Enhe. Sasa pengo la ada linatoka wapi? Mama anakopa kikoba laki tano. Riba yetu ni asilimia 10 kwa mwezi, elfu 50. Akishindwa kuanza kupunguza, ndani ya miezi kumi amelipa laki tano nyingine na deni liko pale pale limekaa. Akifukuzwa kwetu anakwenda kwenye mikopo ya kausha damu, na huko sitaki hata kuwahesabia. Baba naye anauza kahawa ikiwa maua. Mzee, butura unayoiogopa haiko Bodi. Iko nyumbani kwako, na unaifanya ili mtoto asome.

MKULIMA: Mwaka juzi niliuza mibuni ya bondeni kwa ajili ya kaka yake. Sikumwambia mtu.

BINTI: Babu!

MKULIMA: Nyamaza, mwanangu. Nimeshasema.

Hapa ndipo ninapoungana na mama lishe dhidi ya wote, mhasibu akiwemo. Watu hupima mshahara dhidi ya deni la Bodi kwa sababu deni hilo lina karatasi, namba na makato yanayoonekana. Deni la nyumbani halina karatasi, wala halimsubiri mtu miezi 24. Laki tano ya kikoba kwa asilimia 10 kwa mwezi ina riba ya laki sita kwa mwaka. Milioni 10 ya Bodi, katika mwaka huo huo, ina riba sifuri. Familia inamkimbia mkopeshaji mpole na kumkumbatia mkali. Nimesikia hata wazazi wakijivunia kwamba mtoto wao hakuchukua mkopo, alisomeshwa kwa jasho. Jasho hilo mara nyingi ni shamba lililouzwa.

Na mhitimu akiajiriwa, makato ya deni hilo la pili hayaonekani kwenye hati ya mshahara lakini yapo: mdogo wake anasubiri ada, baba anasubiri mibuni ikombolewe, mama anasubiri kikoba. Zile 548,000 za mhasibu zinagawanywa na watu ambao Bodi haiwajui.

MHASIBU: Unashauri nini basi, Mama?

MAMA LISHE: Achukue kila shilingi ambayo Bodi itampa, asione haya. Akipewa kidogo, akate rufaa, dirisha la rufaa lipo. Na ng'ombe wasiuzwe mwaka wa kwanza. Wauzwe akimaliza, walipie hiyo mitihani mnayosema, na wamlishe akisubiri kazi.

WAKALA: Nani ana ng'ombe wa kusubiri miaka mitatu? Mwaka wa kwanza ndio wenye pengo. Bila kulipa ada husajiliwi, bila kusajiliwa hiyo fedha ya Bodi yenyewe husaini.

MAMA LISHE: Ndiyo maana nikasema asikimbilie chuo cha ada kubwa. Huyu ana shangazi Mwanza.

MHASIBU: Taasisi ya Uhasibu ina kampasi Mwanza na Kigoma. Akiishi kwa shangazi, elfu 10 ya siku inaweza kuziba sehemu ya ada badala ya kwenda kwa mwenye nyumba. Na tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya kwenda kumwona si ile ya kulala foleni ya kivuko.

WAKALA: Shangazi naye atamfanya mfanyakazi wa ndani, atasoma saa ngapi? Haya mambo mnayapanga mkiwa mmeshiba. Mimi bado nasema kozi fupi ya forodha, miaka miwili kazini, akiwa na fedha yake aende kusoma huo uhasibu jioni. Hatadaiwa na mtu.

MHASIBU: Na mpakani msichana wa miaka kumi na tisa atapewa malori na nani? Unajua mambo ya pale.

Wakala hakubisha. Aliangalia barabara.

BINTI: Mimi nimeamua hivi, mnisahihishe. Naomba mkopo dirisha likifunguliwa, babu anasaini. Chuo naomba Mwanza na Kigoma tu. Bodi ikinipa nusu ya ada au zaidi, naenda, na pengo linalobaki tunalijua mapema. Ikinipa chini ya nusu, nakata rufaa. Rufaa ikigonga mwamba, siendi mwaka huu. Nakaa AMCOS ya Rulenge, nawaandikia vitabu, naomba tena mwakani.

MKULIMA: Na wakikulipa kahawa badala ya fedha?

BINTI: Naipokea ikiwa imekauka, babu. Na naipima mwenyewe.

MAMA LISHE: Chapati tano, chai nne, supu moja ya mhasibu. Elfu sita na mia tano. Nani analipa?

WAKALA: Mwenye mshahara.